Foili Bado Inang'aa

Mimi ni mtoto wa Biryogo, pale Nyamirambo jijini Kigali, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya nyumbani na ya sokoni miaka mingi kabla ya Bunge la Rwanda kukipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Kemia niliisoma kwa Kifaransa. Serikali ilipobadili lugha ya kufundishia mwaka 2008 nikaanza kuifundisha kwa Kiingereza, na hesabu zake hadi leo nazipiga kichwani kwa Kiswahili. Katika lugha zote tatu kuna kitu ambacho hakikubadilika: mshale. Kushoto unaandika vitu viwili, katikati unachora mshale, kulia unaandika kilichopatikana. Mshale wa ubaoni haukatai. Hauulizi chupa imekaa rafuni tangu lini wala leo kuna baridi kiasi gani.

Kizazi changu kiliishi na mshale huo kwa sababu hakukuwa na kingine. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi shule nyingi zilianza upya na kuta na madawati, na maabara ilikuwa jambo la kusubiri. Tulikariri rangi ya mashapo ambayo hatukuwahi kuyaona. Niliweza kukuambia usingizini kwamba iodini inaigeuza wanga kuwa bluu iliyokolea, na sikuwa nimewahi kushika chupa ya iodini. Nilifaulu vizuri tu. Kwa hiyo mtaala mpya wa umahiri ulipozinduliwa 2015 na kuingia madarasani mwaka uliofuata, ukitaka mwanafunzi atende na si kusikiliza tu, niliupokea kwa furaha ya mtu aliyeahidiwa safari ambayo hajui njia yake.

Lililonigeuza ni jaribio ambalo halikufanya chochote.

Darasa lilikuwa la wanafunzi wa PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, na somo ni metali kuhamishana ndani ya myeyusho: metali yenye nguvu zaidi inaisukuma iliyo dhaifu itoke majini. Alumini iko juu katika msururu huo, shaba iko chini sana. Unachukua kipande cha foili, ile ya kufunikia chakula, unakitumbukiza kwenye myeyusho wa bluu wa chumvi ya shaba, na baada ya muda mfupi foili inakuwa imeliwa, bika limepata joto, na chini yake yametulia matope mekundu ya hudhurungi, ambayo ni shaba yenyewe. Kitabu kilitaka kloridi ya shaba. Stoo ilikuwa na salfeti ya shaba, yaani mrututu, ule ambao wakulima huuchanganya na chokaa kupulizia mimea yenye ukungu. Kwenye karatasi tofauti hiyo haina maana. Kila mwalimu wa kemia anajua kwamba katika mlinganyo huu kloridi na salfeti huitwa ioni watazamaji: zipo kushoto na zipo kulia, kwa hiyo unazikata kwa kalamu pande zote mbili na kubaki na alumini na shaba peke yao.

Foili ikaingia. Tukasubiri. Kengele ikalia.

Nilizikusanya daftari nikaenda kuzisahihishia nyumbani. Mabaki mekundu yalionekana, ziliandika. Rangi ya bluu ilififia. Bika lilipata joto. Kuna waliochora mchoro, na matope wakayapaka kalamu nyekundu. Nilikuwa mle darasani, nilipita meza kwa meza, na shaba ya kutosha ncha ya sindano haikuwepo. Daftari moja tu lilikuwa na sentensi mbili fupi: Sioni mabadiliko. Foili bado inang'aa.

Mwongozo wa kusahihisha ulikuwa mezani kwangu, na ulisema wazi: alama mbili kwa mabaki mekundu, moja kwa kufifia kwa rangi. Kwa mwongozo ule, binti aliyeandika alichokiona anapata sifuri, na wenzake wanalipwa kwa shaba ambayo haikuwepo. Kalamu ilikaa mkononi muda mrefu.

Sitaki kuwaita wale wengine waongo. Walikuwa wamefunzwa, kama nilivyofunzwa, kwamba jaribio ni ibada ya kuthibitisha kitabu, na ukiona tofauti basi mwenye kasoro ni wewe. Hapa Kigali ushahidi wa jambo hilo unapatikana kwenye birika lolote. Mji wetu umekaa juu ya vilima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mpe mwanafunzi wa Kigali kipimajoto na maji yanayotokota, asome, aandike. Ataona 95, atakitikisa kipimajoto, atakirudisha, ataona 95 tena, kisha ataandika 100. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuniambia kipimajoto ni kibovu. Nimezunguka na swali hili shule za marafiki zangu na jibu ni lile lile. Mtoto amezaliwa hapa, ameona maharage ya mama yake yakichukua saa nyingi jikoni, na bado anaamini kuwa maji ya kwao yanachemka kwenye joto la maji ya pwani.

Basi siku iliyofuata nilimwomba binti yule abaki baada ya vipindi, na rafiki yake akabaki naye. Tukaanza kutafuta. Tuliupasha myeyusho moto, kwa kuwa baridi huchelewesha mambo: kwa mimenyuko mingi, kanuni ya kukisia ni kwamba joto likishuka nyuzi 10 mwendo hupungua karibu nusu. Kikatoka kipovu hapa na pale, basi. Tukatengeneza myeyusho mpya, mzito zaidi. Kimya. Tukaisugua foili kwa msasa, na hapo tuliona vidoadoa vyeusi kwenye mikwaruzo, ambavyo navyo viliishia hapo hapo. Hicho kilikuwa kidokezo. Alumini ikikutana na hewa hujivika utando wa oksidi papo hapo. Unene wake ni nanomita chache, na unywele wa binadamu ni makumi ya maelfu ya nanomita. Ukiukwangua, unarudi kabla hujaweka msasa mezani. Chini ya utando huo kuna metali yenye hamu kubwa ya kutenda. Juu yake kuna kitu kinachofanana na kauri, na myeyusho wa salfeti hauna jino la kukitoboa.

Nilikuwa nimeshaeleza haya na nimekwama. Aliyelikwamua jambo ni binti.

"Mwalimu, bibi yangu hataki kabisa tulaze maharage yenye chumvi kwenye sufuria. Anasema chumvi inatoboa."

Sufuria zetu karibu zote ni za alumini. Na bibi huyo alisema kweli, kwani hata mimi nimeziona nyumbani, zimejaa vitundu vya ncha ya pini ukiziinua kwenye mwanga. Rafiki yake alitumwa jikoni kwa wapishi wa shule akarudi na chumvi kwenye kiganja. Tulitia mfinyo mmoja.

Mwanzo ulikuwa pembeni, pale foili ilipokatwa kwa mkasi. Kipovu kimoja kiling'ang'ania ukingo kisha kikaachia. Likatokea doa jeusi, doa likawa wekundu wa kutu, wekundu ukatambaa kwa ndani kama unga unaolowa. Rangi ya bluu ilipata ukijani kidogo karibu na foili. Halafu mambo yakaenda kasi: mapovu ya haidrojeni yakaipandisha foili juu, ikageuka, ikatoboka, vipande vikazama vikiwa vimevaa shaba. Binti alishika chini ya bika akaondoa mkono haraka. Mle ndani palikuwa pamebaki maji yasiyo na rangi ya maana na rundo jekundu. Hakuna aliyezungumza kwa muda, kisha wote wawili walizungumza pamoja.

Kloridi ndiyo iliyofanya kazi. Ioni yake hupenya kwenye sehemu dhaifu za utando wa oksidi na kuufumua, na shaba ikishaanza kukaa juu ya alumini tupu, utando haupati nafasi ya kujirudishia. Kloridi ya shaba iliyotajwa kitabuni huja na mtoboaji wake. Salfeti haina. Yule mtazamaji tuliyekuwa tukimkata kwa kalamu kila mwaka ndiye aliyekuwa na ufunguo, na mlinganyo ukiisha kusafishwa haubaki na alama yoyote ya kuonyesha kuwa aliwahi kuwepo.

Nimewaza jambo hilo zaidi kuliko nilivyowahi kuwaza kitu chochote cha kemia. Mshale unakueleza mizani: nani yuko juu, nani yuko chini, kitu kitateremka upande gani kikipata njia. Kuhusu njia yenyewe hauna habari. Naitrojeni na haidrojeni zinatakiwa kuwa amonia hata katika joto la chumbani, hesabu zinasema hivyo, na unaweza kuziacha pamoja kwenye chupa hadi wajukuu wazikute hazijagusana. Fritz Haber alilazimisha jambo hilo mwaka 1909 kwa shinikizo kubwa, joto kali na metali adimu. Kuipeleka kazi hiyo kiwandani kulihitaji kitu cha bei nafuu, na Alwin Mittasch na wenzake wa kampuni ya BASF wakajaribu mchanganyiko mmoja baada ya mwingine, maelfu ya majaribio, ambayo mengi yaliandikwa kuwa hayakuzaa chochote. Chuma safi kilikuwa hafifu. Kilichofanya vizuri ni jiwe la madini ya chuma kutoka Gällivare, Sweden, na kilicholisaidia ni uchafu uliokuwa ndani yake. Walipoutafuta uchafu huo mmoja mmoja, miongoni mwake wakakuta oksidi ya alumini, ile ile iliyotunyima shaba sisi. Kiwanda cha Oppau kilianza 1913. Mbolea ya urea anayoinunua mkulima wa Musanze leo kwa ajili ya viazi vyake inatoka katika ukoo huo. Kama vijana wa Mittasch wangekuwa na desturi ya darasa langu, wangeandika mapema kwamba amonia ilionekana, na hadithi ingeishia hapo.

Tangu siku ya foili ile nimekuwa mtu wa kunusa chupa kabla ya kipindi. Maji ya chokaa ndiyo yanayotudanganya kuliko yote. Lita moja ya maji hubeba chini ya gramu mbili za chokaa, yaani akiba ni ndogo mno, na chupa isiyofungwa vizuri huwa inavuta kaboni dioksidi ya hewani kila siku. Ukikuta ganda jeupe juu ya maji au kwenye shingo ya chupa, chokaa imeshakwenda huko na ndani huenda kumebaki maji matupu. Mwanafunzi atapuliza hadi macho yamtoke. Yupo pia wa upande wa pili, anayepuliza kwenye maji mazima, yanakuwa maziwa, anaendelea kupuliza kwa bidii, na maziwa yanatoweka kwa sababu kaboni dioksidi ikizidi huyeyusha tena kile ilichokigandisha. Anakuja kukuonyesha maji maangavu na kuapa kuwa hakuna kilichotokea. Kilitokea mara mbili. (Anapuliza kwa mrija wa karatasi, maana sheria ya 2019 ilipiga marufuku plastiki za kutumia mara moja, na mrija wa karatasi ukilowa unakuwa na visa vyake.)

Peroksaidi ya kusafishia vidonda huoza kwa mwanga na joto. Ikikaa dirishani muhula mzima inakuwa maji, na lebo inabaki inasema asilimia 3. Siku hizi naipima kabla: tone moja juu ya kipande cha kiazi kibichi, au chembe ya unga mweusi kutoka kwenye betri kuukuu ya tochi, ambao una oksidi ya manganizi. Ikitoa povu, iko hai. Kiazi kilichochemshwa hakisaidii, kwa kuwa kimeng'enya chake kimekufa kwa moto. Na chokaa ya mawe ukiitilia asidi salfuriki badala ya hidrokloriki, inachemka kwa kishindo cha muda mfupi halafu inanyamaza ingali nzima. Imejivika jasi, kalsiamu salfeti isiyoyeyuka vizuri, na asidi haifiki tena ndani. Ni utando mwingine tena. Nusu ya majaribio yaliyotukatalia ukiyachimba unakuta utando.

Lakini kuna ukimya wa aina nyingine, na huu nao nimejifunza kuuheshimu. Tia shaba kwenye asidi hidrokloriki nyepesi. Pasha, sugua, tia chumvi, omba dua. Shaba haitoi haidrojeni pale, kwa kuwa mizani yenyewe iko upande wa pili. Foili ilikuwa imefungiwa njia, shaba haina pa kwenda. Kwa macho bika hizi mbili zinafanana kabisa, metali inang'aa na maji yametulia, na kuzitenganisha ndiyo kazi ambayo sasa naiona kuwa kemia. Zamani ningesema kazi ni kusawazisha milinganyo.

Wanafunzi wangu wenyewe wamelipeleka swali hili la ukimya mahali ambapo sikulitegemea, Ziwa Kivu. Chini kule, katika ziwa lenye kina cha mita 485, kuna methani iliyoyeyuka ya takriban kilomita za ujazo 60, na kaboni dioksidi karibu mara tano yake. Juu ya ziwa kuna oksijeni ya dunia nzima. Kwa nini haliwaki? Kwa mshale tu lingekuwa limeshawaka zamani. Lakini maji ya chini hayana oksijeni, ni mazito kwa chumvi zilizoyeyuka kiasi kwamba hayapandi kuchanganyika na ya juu, na uzito wa maji unaifungia gesi humo isitoke povu. Mtambo wa KivuWatt kule Karongi, uliozinduliwa 2016 na kuzalisha megawati 26, hauna uchawi. Unayapandisha maji yale juu kwa bomba, shinikizo linapungua, gesi inatoka, methani inatenganishwa, ndipo inapokutanishwa na hewa na cheche ndani ya injini. Wanafunzi wanapenda sana sehemu ya cheche. Mimi huwabakiza kwenye sehemu ya shinikizo, kwa sababu tarehe 21 Agosti 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilifunguka lenyewe na kaboni dioksidi yake ikaua watu zaidi ya 1,700 bila moto wowote. Volkano ya Nyiragongo, iliyo karibu na Kivu, ilipolipuka Mei 2021, vijana wenye ndugu Rubavu na Goma walinijia wakiuliza kama Kivu nalo laweza kufunguka hivyo, na swali halikuwa la mtihani tena.

Darasani mabadiliko ni ya kawaida sana, huenda yakakuvunja moyo ukitegemea makubwa. Daftari lina safu mbili, ya kilichotarajiwa na ya kilichoonekana, na alama nyingi ziko kwenye safu ya pili. Aliyeona kimya anaandika kimya, kisha anaandika mambo ambayo angejaribu ili kujua ni kimya cha aina gani. Mwenzangu mmoja hapendi. Anasema mtihani wa taifa utauliza rangi ya mabaki na hautauliza foili yetu ilishinda vipi, na wazazi wanalipa ada ili mtoto afaulu. Ana hoja. Nimewafundisha wote kujibu mtihani kama mtihani unavyotaka, na siwafichi kwamba hizo ni kazi mbili. Kinachonipa raha ni kwamba mabishano kati ya meza yameongezeka. Kundi moja linapata shaba, la jirani halipati, na badala ya kunakiliana wanakwenda kutazama chupa ya nani imetoka wapi.

Binti nilimpa alama zote tatu, na wenzake nikawarudishia daftari bila alama, na ombi la kurudia jaribio. Manung'uniko yalifika hadi ofisini. Tulirudia kwa bika mbili kila meza, moja ina chumvi na nyingine haina, na ndivyo ninavyolifanya jaribio hilo hadi leo, kwa mrututu, ingawa sasa stoo ina kloridi ya shaba.

Mwanzoni mwa muhula huu nilipeleka orodha ya mahitaji ya maabara: chumvi ya jikoni, msasa, viazi, betri mbovu za tochi, chupa za kahawia, stika za kuandikia tarehe. Mhasibu aliisoma yote, akaniuliza kama tumehamishia maabara jikoni au jikoni maabara. Alitia saini vyote isipokuwa betri mbovu, kwa maelezo kwamba hana kifungu cha kununulia kitu kibovu, hivyo hizo naziokota mwenyewe kwa mafundi wa redio pale Nyabugogo.